Njia ya Pwani ya Fife majani yanapopukutika: tathmini ya kipande cha Elie hadi Crail

Kwa mtu anayetaka kuiona pwani ya Uskoti wakati majani yanapukutika, bila gari na bila kupanda milima, ningemwelekeza kwanza kwenye kipande cha Njia ya Pwani ya Fife kilicho kati ya Elie na Crail. Njia nzima ina kilomita 187 hivi, kuanzia Kincardine hadi Newburgh, na hutunzwa na taasisi ya Fife Coast and Countryside Trust. Kipande hiki ni kilomita 16 tu, lakini kinagusa miji midogo mitano ya wavuvi, mashamba yaliyovunwa juzijuzi, miamba ya volkeno, mapango, na kisiwa cha sili kinachoonekana karibu safari nzima. Hakuna kiingilio. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba nakipa alama za juu kabisa, kwa sharti moja: kipangwe kwa saa za maji na saa za jua, wala si kwa kilomita. Anayekwama pale, akalowa au akakutwa na giza, kwa kawaida hakushindwa na umbali. Alishindwa na saa.

Kufika na kuondoka

Reli ya abiria ya kwenda Leven ilifungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena Juni 2024, kwa hiyo sasa unapanda treni Edinburgh na kushuka Leven bila gari la mtu. Kutoka hapo basi nambari 95 hupita vijiji vyote vya pwani hadi St Andrews. Basi hili ndilo linaloipa njia thamani yake ya kweli. Unashuka Elie, unatembea upande mmoja tu, unapanda tena Crail, na katikati una milango mitatu ya kutokea endapo mvua itazidi: St Monans, Pittenweem na Anstruther. Wakazi wa Uskoti walio chini ya miaka 22, na wale waliotimiza 60, hupanda basi bure wakiwa na kadi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bandari iko chini na vituo vya basi viko juu. St Monans na Pittenweem zimejengwa kwenye mteremko, na barabara ya basi hupita mgongoni mwa mji. Kutoka ukingo wa maji hadi kituoni tenga dakika kumi za kupanda. Jumapili mabasi hupungua, kwa hiyo andika saa za mabasi mawili ya mwisho kabla hujaondoka, la mwisho kabisa likiwa akiba.

Tembea kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wa kawaida wa Uskoti hutoka kusini-magharibi, na ukitembea hivyo unakusukuma mgongoni badala ya kukupiga usoni. Sehemu ngumu, yaani minyororo ya Kincraig nitakayoieleza hapa chini, ukiamua kuipitia, inakuwa mwanzoni, miguu ikiwa bado na nguvu. Chakula kinakuwa katikati, Anstruther, baada ya kilomita tisa hivi. Hasara yake ni jua la asubuhi. Mwisho wa Oktoba jua la adhuhuri hapa halipandi zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, na kabla ya hapo liko mbele yako upande wa kulia, likimulika juu ya maji. Kofia yenye ukingo inasaidia kuliko miwani, kwa sababu inakinga hata manyunyu.

Mwanga

Oktoba mchana hupungua kwa zaidi ya dakika nne kila siku. Mwisho wa Septemba jua huchwa karibu saa 12:50 jioni. Katikati ya Oktoba karibu saa 12:10. Kisha, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ghafla jua linachwa kama saa 10:40. Ukifika mwisho wa Novemba linachwa kabla ya saa 10 alasiri, na asubuhi halichomozi hadi saa 2 na dakika ishirini hivi.

Kilomita 16 za ardhi hii, pamoja na kusimama kutazama ndege, kula na kuvuka matope, zinachukua saa tano hadi sita. Septemba huna haraka. Novemba lazima uwe Elie saa 3 asubuhi, au uanzie St Monans na kupunguza kilomita nne. Chukua tochi ya kichwani hata kama unaamini hutaihitaji. Mwisho wa njia, kati ya Caiplie na Crail, hakuna taa hata moja, na huko ndiko utakuwa jua likizama.

Maji

Pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Mlango wa Forth, ghuba inayopakana na pwani hii, hukaribia mita 5. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na ikwinoksi, mchana na usiku vinapolingana, yaani mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, ndani ya msimu huuhuu. Hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Maji yakipwa, mwamba unaonekana hadi mbali na ndege hujaa. Yakijaa, vijia vya chini hutoweka.

Ratiba za maji za eneo hili hutolewa kwa kituo cha Leith. Elie na Anstruther hutangulia kwa dakika chache tu, kwa hiyo ratiba ya Leith inatosha. Kosa linalowapata wengi ni la saa: ratiba nyingi zilizochapishwa hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, ilhali hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za ukutani ziko mbele kwa saa moja. Asiyeongeza saa hiyo hufika kwenye mwamba saa moja kabla ya wakati, akayakuta maji bado juu, akadhani ratiba imekosea. Asubuhi nyingine, saa zikisharudishwa, anaongeza saa isiyohitajika na kufika maji yakiwa yameanza kurudi. Hilo la pili ndilo la hatari. Soma maandishi madogo juu ya jedwali uone ni saa gani zimetumika.

Kuna mpangilio mmoja unaorahisisha mambo. Kwenye Mlango wa Forth, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku bora za kwenda ni ya kwanza hadi ya nne baada ya mwezi mpevu au mwandamo: maji yanapwa sana, na yanapwa asubuhi kuelekea adhuhuri, wakati mwanga uko upande wako. Wiki ya maji mafu hali hugeuka. Maji hupwa alasiri, tena hayashuki vya kutosha.

Na ratiba haijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali moja, usawa wa bahari hupanda kama sentimita moja. Kimbunga cha Atlantiki chenye hektopaskali 970 huongeza karibu sentimita 40 juu ya kile kilichoandikwa, kabla hujahesabu mawimbi. Siku kama hiyo usitembee karibu na maji hata kama jedwali linasema yamepwa.

Minyororo ya Kincraig

Magharibi ya Elie, baada ya Earlsferry, kuna rasi ya Kincraig. Chini ya jabali lake, minyororo minane ya chuma imefungwa kwenye mwamba, na ngazi za mguu zimechongwa ndani ya jiwe. Minyororo ya kwanza iliwekwa miaka ya 1920. Njia yenyewe ni nusu kilomita tu, lakini huchukua dakika 45 hadi saa moja, na ukiunganisha na kurudi Elie kwa kijia cha juu ya jabali unapata mzunguko wa kilomita sita hadi saba.

Naipenda sana sehemu hii na ninaipa tahadhari kali kuliko nyingine yoyote. Mawe ni ya volkeno, na mahali pengine yamesimama kama nguzo zilizopangwa kwa mkono. Minyororo mingine inakuvusha kwa ubavu juu ya ghuba ndogo. Mingine inakupandisha karibu wima. Kinachowaangusha watu si urefu. Ni mwani wa kijani, ule mwembamba kama ute unaoota kwenye vishimo vya miguu chini ya mstari wa maji. Wakati huu wa mwaka jua ni dogo na haukauki siku nzima. Mguu ukiwekwa kwa ncha ya kiatu huteleza. Uweke wote, bapa, na usogeze uzito taratibu. Usining'inie kwenye mnyororo kwa mikono. Ushike ili kujizuia, na uache miguu ibebe mwili.

Chuma kilicholowa kwenye upepo wa nyuzi 8 hufanya vidole vife ganzi kabla hujafika mnyororo wa nne. Glovu za sufu huteleza. Zinazofaa ni zile za kazi zenye kiganja cha ngozi au mpira. Fimbo za kutembelea zifungwe nyuma ya begi. Mbwa asipelekwe. Ingia maji yakiwa bado yanapwa, saa moja au mbili kabla ya kufika chini kabisa, ili ukichelewa uwe na akiba. Upepo ukiwa wa kusini au kusini-mashariki, achana nayo, kwa sababu mawimbi huingia moja kwa moja kwenye vighuba hata maji yakiwa chini. Kule juu ya jabali njia ni ya nyasi, ina mabaki ya ngome za Vita vya Pili vya Dunia na mandhari ya ghuba yote ya Largo, na hakuna aibu yoyote kuichagua. Yeyote akizingirwa na maji piga 999 na uombe walinzi wa pwani. Usijaribu kupanda jabali lenyewe, limelegea.

Ukitaka minyororo na Crail kwa siku moja, Septemba inawezekana kwa mtu mwenye mwendo. Kuanzia katikati ya Oktoba ziwe siku mbili.

Elie hadi Pittenweem

Baada ya bandari ya Elie unapita mnara wa taa na Lady's Tower, kibanda cha mawe kilichojengwa karne ya 18 kwa ajili ya Lady Janet Anstruther avae nguo baada ya kuogelea. Hapa njia ni rahisi: nyasi fupi, mchanga, kijia cha ukingo wa shamba. Kwenye nyasi fupi zisizotiwa mbolea tazama chini mwezi wa Oktoba. Uyoga wa nta hutokea, mwekundu, wa njano, wa rangi ya chungwa, mdogo na unaong'aa. Unaota mahali ambapo ardhi haijalimwa wala kurutubishwa kwa miaka mingi, ndiyo maana ni wa kutazamwa na kuachwa.

Vichaka vya kando ya njia vimejaa. Beri nyeusi za kwenye miiba huwa tamu mwanzoni mwa Septemba, na kufikia Oktoba nyingi zimelainika na kupoteza ladha. Matunda mekundu ya waridi mwitu hubaki magumu hadi baridi ya kwanza, na hayaliwi hivihivi kwa sababu ya vinyweleo vya ndani vinavyowasha koo. Yaache mengi. Ndege waitwao mikesha, wanaovuka Bahari ya Kaskazini kutoka Skandinavia huwasili Oktoba wakiwa na njaa, na hivi vichaka ndivyo chakula chao cha kwanza nchi kavu.

Ukikaribia St Monans utaona magofu ya Newark Castle na mnara wa njiwa, kisha kanisa la karne ya 14 lililojengwa karibu kabisa na maji. Njia hupita upande wa bahari wa kanisa. Maji yakijaa na mawimbi yakipiga, kuna njia mbadala ya nchi kavu iliyowekewa alama; ifuate bila kubishana.

Mashariki ya St Monans kuna kinu cha upepo, cha mwisho wa karne ya 18. Kilisukuma maji ya bahari hadi kwenye nyumba za kuchemshia chumvi zilizokuwa chini yake, na makaa yalichimbwa jirani. Misingi ya nyumba hizo bado inaonekana kama vilima vidogo vya nyasi. Simama hapa upige jicho shambani. Shayiri imeshakatwa, mabua ni ya dhahabu iliyofifia, na kwenye shamba la pili tayari ngano ya kupandwa kabla ya baridi imetoa majani mafupi ya kijani. Viazi vinavunwa Septemba na Oktoba, na trekta huacha tope barabarani lenye unene wa kisigino.

Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 kuhusu ardhi, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika 2005, inakupa haki ya kupita karibu kila mahali ukijiheshimu. Shamba la mabua unaweza kulivuka. Lililopandwa huwezi kulikanyaga. Pita ukingoni, hata kama ngano ina urefu wa kidole na inafanana na nyasi za kawaida. Hilo ndilo kosa la msimu huu kwa wageni wasio na nia mbaya. Ng'ombe wenye ndama wazungukwe kwa mbali, hasa ukiwa na mbwa.

Bata bukini

Kama kuna sababu moja ya kuchagua msimu huu badala ya kiangazi, ni hawa. Bata bukini wenye miguu ya waridi huanza kuwasili kutoka Iceland na Greenland katikati ya Septemba. Hulala kwenye maji ya ndani kama Loch Leven na bwawa la Cameron karibu na St Andrews, na alfajiri huruka kwenda kwenye mabua na masalia ya viazi. Utawasikia kabla hujawaona: sauti ya juu, yenye silabi mbili, mamia kwa pamoja. Wanapita kwa mistari iliyovunjikavunjika, na anga ikiwa safi unaweza kuhesabu makundi kumi kabla ya chai ya asubuhi.

Wakiwa shambani usiwakaribie ili kupiga picha. Wamevuka bahari wakiwa wamemaliza mafuta ya mwili, na kila wanaporushwa wanapoteza kile walichokuja kukitafuta. Ukiona shingo zote zimeinuka kwa wakati mmoja, umeshafika karibu mno. Rudi nyuma hatua chache na watainamisha tena vichwa.

Pittenweem, Anstruther na chakula

Pittenweem ni bandari inayofanya kazi kweli, yenye uvuvi wa kamba, kaa na kambamti, kwa hiyo vyandarua na mitego iliyopangwa gatini si mapambo. Usikanyage kamba zilizokunjwa. Kutoka hapo hadi Anstruther ni kilomita mbili na nusu, na sehemu ya mwisho inapita kando ya uwanja wa gofu. Angalia anayepiga kabla ya kuvuka.

Anstruther ndipo pa kula. Maduka ya samaki na chipsi yako mbele ya bandari, na samaki wa Uskoti kwa chakula hiki ni hadoki, mwenye nyama nyeupe inayomeguka kwa mapande madogo na tamu kidogo kuliko chewa. Agiza aliyekaangwa papo hapo, hata kama utasubiri dakika kumi, kwani aliyekaa kwenye kabati la joto hulainika ganda. Kula ukiwa ndani au kwenye kibaraza. Shakwe wa hapa hutoka nyuma, juu ya bega, na hawahitaji zaidi ya sekunde moja. Siku ya mvua isiyokatika, Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti, yaliyofunguliwa mwaka 1969 palepale bandarini, yanatosha kujaza nusu siku na hayajawahi kuwa chaguo la pili kwa maana ya ubora.

Udhaifu wa huduma uko hapa. Msimu wa utalii ukiisha, vibanda vya chai na baadhi ya vyoo vya umma hupunguza saa au hufungwa. Anstruther ni salama. St Monans na Crail usizitegemee baada ya Oktoba. Beba chupa ya chai ya moto na chakula cha dharura, na jaza maji kabla ya Elie.

Kisiwa cha May na sili

Kisiwa cha May kiko kilomita nane hivi kutoka pwani. Boti kutoka Anstruther husafirisha wageni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, kisha husimama, na sababu ni nzuri: kuanzia Oktoba sili wa kijivu hupanda kisiwani kuzaa. Ukitamani kasuku-bahari wale wenye mdomo wa rangi, umechelewa. Huondoka kufikia katikati ya Agosti.

Wachache wa sili hao huishia kwenye fukwe za bara, au watoto husukumwa na dhoruba. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe, hunyonya kwa siku kama 18, kisha mama huondoka kwa kawaida kabisa. Kumkuta peke yake hakuna maana ya kwamba ametelekezwa. Usimrudishe majini, usimmwagie maji, usiruhusu mbwa amkaribie. Akiwa na jeraha au amekonda mno, pigia Scottish SPCA, shirika la kulinda wanyama, na ukae mbali hadi wafike.

Kwenye maji yenyewe, hadi Oktoba utaendelea kuona membe wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa wakijitupa baharini kama mishale. Wanatoka Bass Rock, ng'ambo ya Mlango wa Forth, kwenye koloni kubwa la ndege hao ambalo homa ya ndege ililipiga vibaya mwaka 2022.

Anstruther hadi Crail: ndiyo sehemu ya kwenda polepole

Cellardyke ikishaisha, nyumba huisha. Kilomita sita na nusu zilizobaki ni za ukimya na ndizo bora zaidi katika msimu huu. Njia inatambaa juu ya utepe bapa wa ardhi, bahari kulia na ukuta wa jabali la zamani kushoto. Ukuta huo ulikuwa pwani. Barafu kubwa ilipoyeyuka, ardhi iliyokuwa imekandamizwa iliinuka, na ufuo wa kale ukabaki juu, mkavu. Ndiyo maana mapango ya Caiplie, yaliyochongwa na mawimbi kwenye mchangawe, leo yako juu ya maji, na Wakristo wa mwanzo waliweza kuchora misalaba kwenye kuta zake. Mchangawe huo ni laini. Usikwaruze chochote, na usikae chini ya paa lake baada ya mvua ya siku nyingi.

Baada ya upepo wa mashariki, ufuo hujaa mwani mkubwa wa kahawia uliong'olewa, wakati mwingine hadi magotini. Unanuka ukianza kuoza, na watu huukwepa. Usiukwepe, simama pembeni yake. Nzi na viroboto-bahari waliomo ndani yake ni karamu. Ndege waitwao vigeuzamawe hufukua kwa mdomo wakirusha vipande kushoto na kulia, na kitwitwi wa rangi ya zambarau hukaa kwenye mawe yaliyolowa, wakiruka tu wimbi linapogusa miguu. Ndege aina ya sululu wako nyuma, shambani. Ukitaka kupita juu ya mwani huo, weka mguu kwenye mawe, si kwenye mashina: shina la mwani mbichi ni bomba la mviringo linalozunguka chini ya kiatu.

Oktoba, upepo ukiwa wa mashariki na kukiwa na mvua nyepesi, kila kichaka cha hapa kinaweza kuwa na wageni. Tazama ndege wa gramu tano au sita, mwenye utepe wa njano utosini, mdogo kuliko wote Uingereza. Amevuka Bahari ya Kaskazini. Akiwa amechoka hupekua majani hatua mbili kutoka kwako bila kujali.

Matope hapa ni ya kweli. Udongo wa ukingo wa mashamba ni mzito, hushika soli na kujaza meno yake, na ndani ya mita mia moja kiatu chochote kinakuwa bapa. Viatu vya kukimbilia havifai. Chukua buti zinazofunika kifundo, zenye soli ya mpira laini na meno yaliyoachana, kwa sababu yaliyobanana hayatemi tope. Suruali ya mvua ina kazi kubwa kuliko koti: pwani ya mashariki hupata mvua kidogo mno kuliko magharibi, lakini nyasi ndefu hubaki na umande hadi adhuhuri na hulowesha kuanzia magotini kwenda chini. Kupe bado wapo Oktoba. Jikague jioni, hasa nyuma ya magoti.

Alama na ramani

Nguzo za alama ni za kutosha na kwa kawaida ziko mahali pa uamuzi. Pungufu lake ni kwamba zinakuonyesha pa kwenda bila kukuambia maji yako wapi saa hiyo. Chukua ramani ya Ordnance Survey Explorer 371, ya kipimo cha 1:25,000, inayofunika kipande chote. Ramani ya simu inafanya kazi, lakini baridi hula betri na kidole kilicholowa hakitii kioo.

Baada ya Crail

Wengi huuliza kama waendelee hadi St Andrews. Ni kilomita 21 nyingine, ngumu kuliko zote, na karibu na Buddo Rock kuna sehemu ya mawe makubwa ufuoni ambayo maji yakijaa haipitiki. Iwe siku yake yenyewe, mapema Oktoba, maji yakipwa wakati wa adhuhuri. Kama una saa moja tu ya mwanga iliyobaki Crail, itumie kwenda Kilminning, hifadhi ndogo kaskazini-mashariki ya mji, ambako miti michache kando ya bahari hukusanya ndege wote waliotua, kisha rudi kwa kijia kilekile. Kituo cha basi kiko barabara kuu ya juu, si bandarini.